Yesu wa kwenye kibambazi ni muzungu: ile sura ilitoka wapi?

Katika nyumba nyingi za wakristo, kuanzia Bunia mpaka Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, kuna picha moja ambayo haihitaji kuandikwa jina. Iko juu ya mulango wa saloni, ao pembeni ya saa, mara ingine kwenye kalendari ya mwaka ulioisha zamani lakini hakuna anayesubutu kuitupa. Ni mwanaume wa ngozi nyeupe, nywele ndefu za rangi ya kahawia, ndevu zimechanwa vizuri. Hata mutoto wa miaka mitatu akiulizwa huyu ni nani, anajibu mara moja: Yesu.

Mutoto huyo akikua kidogo, akifika kwenye katekisimu ao kwenye masomo ya watoto siku ya yenga, swali linatoka lenyewe. Mbona Yesu ni muzungu? Na Mama Maria? Na malaika wote, hakuna hata mumoja anayefanana na sisi? Mara mingi swali hilo halipati jibu. Katekista anacheka, ao anasema Mungu hana rangi, kisha wanaendelea na sala. Jibu hilo si la uongo, lakini mutoto hakuuliza rangi ya Mungu. Aliuliza juu ya picha.

Na picha iko na historia. Ilichorwa na mutu, mahali fulani, mwaka fulani, kisha ikafika huku kwa njia inayojulikana. Mutu akifahamu njia hiyo, anaweza kutenganisha vitu viwili vilivyofika Congo vikiwa vimefungwa katika muzigo mumoja: imani yenyewe, na rangi ya yule aliyeibeba.

Biblia inanyamaza

Injili zote ine hazisemi kitu juu ya sura ya Yesu. Hazisemi urefu wake, nywele zake, wala macho yake. Zinachosema ni kwamba alikuwa Muyahudi, alikomea Nazareti katika Galilaya, akafanya kazi ya fundi, akatembea kwa miguu katika jua. Akiwa mutoto, wazazi walimukimbiza Misri kumuficha. Usiku wa kumukamata, Yuda alipashwa kumubusu kusudi askari wamujue ni nani kati ya wengine. Kama angekuwa mutu wa rangi ya pekee katikati ya wavuvi wale, alama hiyo ingekuwa ya nini?

Kuhusu nywele ndefu, jambo linashangaza zaidi. Mutume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, anasema waziwazi kwamba mwanaume kufuga nywele ndefu ni haya. Ni vigumu kufikiri angeandika vile kama Bwana wake alijulikana kwa nywele zinazofika mabegani.

Picha za zamani sana tunazozijua hazifanani na ile ya saloni. Katika muji wa Dura-Europos, inchi ya Siria, kulipatikana nyumba ya ibada yenye picha za karibu mwaka 235. Yesu pale ni kijana asiye na ndevu, nywele fupi, anaponyesha mutu mwenye kupooza. Katika makaburi ya chini ya udongo kule Roma, mara mingi ni muchungaji kijana mwenye kondoo mabegani. Ndevu na nywele ndefu vilianza kushinda tangu karne ya 4, wakati wafalme wa Roma wenyewe walikuwa wameanza kuwa wakristo, na wachoraji wakamupa Yesu sura na kiti walivyozoea kuwapa miungu na wakubwa.

Munamo mwaka 2001, Muingereza Richard Neave, fundi wa kutengeneza sura za watu kutokana na mifupa, alitumia fuvu la Muyahudi wa karne ya kwanza kwa ajili ya kipindi cha televisheni ya BBC. Alitoa uso mupana, ngozi ya kahawia, nywele fupi nyeusi za kujikunja. Hiyo si sura ya Yesu, ni sura ya mutu wa inchi yake na wakati wake. Lakini inatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya Galilaya na kalendari.

Betlehemu yenye theluji

Kule Bruxelles, katika nyumba ya makumbusho ya serikali, kuna picha moja ambayo Mukongomani yeyote anayefika pale angepashwa kuitazama. Muchoraji wake ni Pieter Bruegel, aliichora munamo mwaka 1566. Inaonyesha Yosefu na Maria wanafika Betlehemu kuandikwa katika hesabu ya watu, sawa vile Injili ya Luka inavyosimulia. Lakini Betlehemu hiyo ni kijiji cha Flandre, upande wa Ubelgiji wa leo. Theluji imejaa kila mahali, watoto wanateleza juu ya maji yaliyoganda, watu wanachinja nguruwe mbele ya hoteli. Maria amekaa juu ya punda, amejifunika vizuri juu ya baridi, na usipoangalia sana hautamuona katikati ya watu.

Nguruwe, katika muji wa Wayahudi! Hakuna aliyemuambia Bruegel kwamba amedanganya. Watu wa kwao walielewa: alitaka kusema Yesu alizaliwa katikati yao, katika kijiji chao, katika baridi yao. Waetiopia walifanya vilevile zaidi ya miaka mia moja mbele yake. Watakatifu wao wana macho makubwa na ngozi ya kahawia kama watu wanaosali pale.

Kwa hiyo Wazungu hawakukosa kumuchora Yesu kama muzungu. Ni haki ya kila taifa. Shida ilianza pale ile picha ya kijiji kimoja ilipakiwa ndani ya mashua, ikapelekwa kwa watu wengine kama vile ni foto, na wale watu hawakuambiwa kwamba na wao wanaweza kuchora.

Karne ya 19 ilileta mashini ya kuchapa picha za rangi kwa bei ya chini, na njo karne hiyohiyo wamisionere walianza kuingia katikati ya Afrika. Wamisionere wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie kule Alger munamo mwaka 1868, walifika kwenye ziwa Tanganyika mwaka 1879, na mwaka uliofuata walikuwa tayari upande wa Congo. Watu wanawaita Mapadri Weupe, na wengi wanafikiri jina hilo ni la ngozi. Hapana. Ni la kanzu nyeupe waliyoiga kwa watu wa Algeria, Waislamu. Yaani nguo iliyotoka Afrika ilifika Congo mwilini mwa muzungu, na watu wakaiona ya kizungu.

Ndani ya masanduku yao mulikuwa picha kubwakubwa za katekisimu zilizochapwa Paris. Mbele ya watu wasiojua kusoma, picha njo ilikuwa kitabu. Paradiso ilijaa watu weupe wenye kuvaa weupe. Shetani naye alichorwa wa giza, na pembe, na mabawa ya popo. Padri angeweza kuhubiri saa nzima kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu. Jicho la mutoto lilikuwa limekwisha kuona kitu kingine.

Wa kwenye kalendari hasa, yule mwenye kuangalia pembeni na mwangaza kwenye paji la uso, si wa zamani hata. Alichorwa munamo mwaka 1940 na Warner Sallman wa Chicago, Muprotestanti aliyefanya kazi ya kuchora matangazo ya biashara. Wakati wa vita ya pili ya dunia, nakala ndogo za picha hiyo ziligawiwa kwa askari wa Marekani waweke mufukoni. Tangu hapo ilichapwa zaidi ya mara milioni 500, na iko kati ya picha zilizochapwa kupita zote duniani. Wengine wametundika Robert Powell bila kujua: ni muchezaji wa filme, Muingereza, aliyecheza Yesu katika filme ya Zeffirelli ya mwaka 1977, na foto yake imekuwa picha ya kusalia. Na ile filme ya Yesu inayoonyeshwa usiku katika vijiji, kwenye kitambaa cheupe na groupe inayonguruma nyuma, ni ya mwaka 1979. Yesu pale ni Brian Deacon, na yeye Muingereza. Filme hiyo imetafsiriwa katika luga zaidi ya 2000, Kiswahili ndani. Midomo ilibadilishwa luga, uso ukabaki uleule.

Njo maana hata makanisa ya Kiprotestanti ambayo hayaweki sanamu ndani ya kanisa hayakupona. Kibambazi cha kanisa ni kitupu, lakini Yesu wa Chicago yuko nyumbani, kwenye filme, na sasa kwenye telefone asubui na salamu ya "siku njema".

Picha ilifundisha nini

Wakati wa ukoloni, muzungu njo alikuwa ajenti, njo alikuwa muamuzi, munganga, mukubwa wa kampuni na padri. Picha ilipoonyesha kwamba Mwana wa Mungu pia ana uso huohuo, hakuna aliyehitaji kufafanua. Mutu mweusi aliyepiga magoti mbele ya musalaba alikuwa anapiga magoti mbele ya nani?

Pembeni ya picha kulikuwa hadisi. Wengi waliokomea katika kanisa walisikia kwamba watu weusi ni watoto wa Kamu, mwana wa Noa, na kwamba Kamu alilaaniwa. Mutu akifungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, ataona vingine: laana ya Noa inataja Kanani, si Kamu, na katika hadisi yote hakuna neno hata moja juu ya rangi ya ngozi. Hata hivyo hadisi hiyo ilitumiwa miaka mingi kutetea biashara ya watumwa.

Huku kwenye Maziwa Makuu ikageuzwa tena. Muingereza John Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliandika kwamba wafalme wa eneo hili walitoka mbali, upande wa Etiopia, na kwamba wao ni wa kizazi cha pekee, karibu na Wazungu. Serikali za kikoloni na wamisionere wengi walipokea mafundisho hayo, wakapanga watu: hawa wa juu, wale wa chini, hawa wenyeji, wale wageni. Vita na mauaji ya eneo hili viko na sababu nyingi, za udongo, za siasa, za mali. Lakini ile ngazi ya rangi, yenye kuweka muzungu juu na kupima wengine wote kwa umbali wao naye, ni moja ya sababu hizo, na bado inasikika katika matusi watu wanayotupiana.

Biblia yenyewe haina ngazi hiyo. Mwanamuke wa Wimbo Ulio Bora anajitambulisha kuwa mweusi na murembo; neno la Kiebrania lililo katikati linaweza kuwa "na" ao "lakini", na watafsiri wa Kilatini wakachagua "lakini". Neno moja tu! Simoni aliyebeba musalaba pamoja na Yesu alikuwa mutu wa Kirene, Afrika ya kaskazini, katika Libia ya leo. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia ubatizo wa mukubwa wa Etiopia katika sura ya 8. Lidia, wa kwanza kusimuliwa akibatizwa Ulaya, yuko kwenye sura ya 16.

Inafaa kusema pia kwamba weupe haukuanza na Wazungu. Kwa Wakongo wa upande wa bahari, weupe ni rangi ya wafu na ya ulimwengu wao; kwa Waluba, udongo mweupe unapakwa katika mambo matakatifu. Wareno wa kwanza walipotoka majini, wengine waliwazania kuwa roho za wafu. Kwa hiyo muhubiri anapoimba kwamba dhambi itaoshwa iwe nyeupe kama theluji (theluji ambayo watu wa hapa wanaiona kwa mbali tu, juu ya Ruwenzori), neno linaangukia kwenye udongo uliokwisha kulimwa. Kinachodhuru ni pale weupe wa roho unapochanganywa na weupe wa ngozi, mpaka musichana ananunua mafuta ya kujichubua kusudi aonekane safi.

Waliotenganisha

Watu wa kwanza kukataa muzigo huo bila kumukataa Yesu hawakungoja uhuru wa mwaka 1960. Katika ufalme wa Kongo, ambao mufalme wake alibatizwa munamo mwaka 1491, mafundi walikuwa wanatengeneza misalaba ya shaba na Kristo mwenye sura ya mutu mweusi. Kisha akatokea Kimpa Vita. Alizaliwa karibu mwaka 1684, na alifundisha kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo, na kwamba Maria na Mutakatifu Fransisko walikuwa Wakongo. Alichomwa moto tarehe 2 Julai 1706, kisha wamisionere Wakapusini kumuhukumu kuwa muzushi. Alikosea juu ya mahali pa kuzaliwa. Bruegel naye alikosea. Mumoja picha yake inatunzwa Bruxelles. Mwengine alikuwa na miaka karibu 22.

Simon Kimbangu alianza kuponya na kuhubiri Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwaka huohuo alihukumiwa kufa, mufalme Albert wa kwanza akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na akakaa miaka 30 katika gereza la Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mbali kabisa na kwao. Alikufia mule tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuhubiri dini ingine; alihubiri Biblia ileile ya wamisionere Waprotestanti waliomubatiza. Kilichoogopesha serikali ni kwamba Mungu aliongea kupitia mutu mweusi bila kuomba ruhusa.

Lakini hadisi inayobana zaidi ni ya Isidore Bakanja, kwani katika hadisi yake muzungu njo alichukia picha na mutu mweusi njo aliishikilia. Bakanja alikuwa kijana wa Equateur. Alibatizwa Mbandaka tarehe 6 Mei 1906 na mapadri Watrapisti, akaenda kufanya kazi ya boyi katika shamba la kampuni kule Ikili. Shingoni alivaa skapulari, vipande viwili vya kitambaa vya Mama Maria. Mukubwa wa shamba, Mubelgiji, hakutaka wamisionere wala sala za wafanyakazi. Alimuamuru aitoe. Bakanja akakataa. Wakamupiga fimbo ya ngozi yenye misumari, zaidi ya mara 100, wakamufunga minyororo. Mugongo ukaoza. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa na skapulari shingoni, akisema amemusamehe yule aliyemupigisha na kwamba atamuombea. Papa Yohana Paulo wa pili alimutangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Anayesema kwamba kila mutu mweusi mwenye kubeba picha ya Maria alidanganywa na Wazungu, amuweke Bakanja wapi? Alifahamu vizuri tofauti kati ya Maria na bwana wa shamba. Wote wawili walifika na mashua za Wazungu. Mumoja alimushika kuwa mama, mwengine alimukatalia usoni. Imani ilikuwa imekwisha kuwa yake.

Musalaba unashushwa, Mobutu anapanda

Inchi hii ilijaribu mara moja kusafisha vibambazi kwa nguvu. Mwanzo wa mwaka 1972, Mobutu, aliyebatizwa Joseph-Désiré, aliamuru wananchi waache majina ya kikristo na wachukue ya mababu. Kardinali Malula akapinga, akalazimishwa kukaa Roma kwa miezi. Munamo mwaka 1974, Noeli ikaondolewa kwenye siku za mapumziko, na mwisho wa mwaka huo serikali ikaamuru misalaba na picha za Papa zishushwe katika masomo na maofisi.

Wazee wanakumbuka kilichowekwa pahali pake: foto ya Mobutu na kofia ya chui. Waziri wake mumoja alisema waziwazi kwamba chama cha MPR ni kama kanisa na Mobutu ni masiya wake. Kwenye televisheni, kila mangaribi mbele ya habari, uso wake ulishuka kutoka kwenye mawingu. Uso wa kigeni uliondoka, uso mweusi ukaingia, na watu walipashwa kuuimbia na kuuchezea. Rangi ilibadilika, magoti yakabaki chini.

Kanisa lenyewe lilichukua njia ndefu zaidi. Malula na maaskofu wenzake walifanya kazi miaka mingi juu ya misa yenye ngoma, kucheza, na kuwaita mababu wenye haki; Roma iliikubali tarehe 30 Aprili 1988. Papa Fransisko aliisoma mwenyewe katika kanisa la Mutakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Lakini kuna pahali Padri anavaa ngozi, watu wanacheza Gloria, na nyuma ya altare Yesu ni yuleyule wa Bulaya. Masikio yalifika mbele ya macho.

Picha zingine zipo. Kule Kameruni ya kaskazini, munamo mwaka 1973, wakristo wa kabila la Mafa pamoja na Padri François Vidil walicheza hadisi za Injili katika kijiji chao, wakapigwa foto, na foto hizo zikageuzwa picha za kuchora: Yesu mweusi, kanzu nyekundu, anafundisha kati ya nyumba za majani. Picha hizo zilienea katika Afrika inayoongea Kifaransa. Kule Lubumbashi, miaka ileile, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi katika picha karibu 100, na alipofika kwenye kifo cha Lumumba, akaweka misalaba mitatu nyuma. Hakuna katekista aliyemuhitaji kufafanulia Kalvari.

Hata vile, kuna waamini wanaokataa Yesu mweusi, na wengi wao ni weusi. Wanasema si yeye, ni mutu wa kijiji tu, anafanana na jirani. Kusema kweli, hilo njo Injili inasimulia: watu wa Nazareti walishindwa kumuamini kwa sababu walijua mama yake na ndugu zake.

Upande mwengine wako vijana. Katika magrupu ya WhatsApp kunatembea sauti na video zinazosema ukristo ni dini ya muzungu, na ushahidi wa kwanza ni ile picha. Picha ni ya muzungu, kweli. Dini ni jambo lingine. Mufalme Ezana wa Aksum, katika Etiopia ya leo, alikuwa mukristo katika karne ya 4, zaidi ya miaka mia moja mbele ya ubatizo wa Clovis, mufalme wa Wafranka, ambao Wafaransa na Wabelgiji wanahesabia kati ya mababu zao. Kijana anayeacha kanisa kwa sababu ya kalendari, na katekista anayeogopa kuzungumuza juu ya kalendari, wote wawili wanaamini kitu kimoja: kwamba sura ile na Yesu ni kitu kimoja. Kijana anatupa vyote viwili, katekista anafunika vyote viwili.

Kanisa la zamani lilikwisha kujibu. Mutaguso wa pili wa Nisea, munamo mwaka 787, ulisema kwamba heshima inayopewa picha inapita, inaenda kwa yule aliyechorwa. Picha ni mulango, haiko nyumba. Mutakatifu Faustina wa Polonia, ambaye ile picha ya Yesu wa Huruma ilichorwa mwaka 1934 kufuatana na maono yake, alipoiona imeisha, alilia, kwa sababu haikufanana na yule aliyemuona. Mutu anayejivunia kwamba picha yake njo ya kweli akumbuke machozi hayo.

Kwa hiyo mama aliyekimbia vita mara tatu na kubeba rozari na ile picha katika kitambaa pamoja na ungwa na sufuria, hakuna mutu wa kumucheka. Anajua aliomba nini mbele yake na alisikilizwa namna gani. Mutoto wake anayeuliza mbona Yesu ni muzungu naye hakosi heshima. Anaweza kuambiwa habari za Sallman, za Bruegel na za Bakanja, kisha apewe penseli ya rangi ya kahawia.

Sista Anuarite Nengapeta alikamatwa na waasi Simba pamoja na masista wenzake wa Jamaa Takatifu wa Bafwabaka, akauawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, kwa sababu alikataa kutolewa kwa kolonele. Alikuwa bado hajafikisha miaka 25. Miezi nane kisha hapo, walipofukua kaburi la watu wengi, mwili wake ulitambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa ameficha mufukoni. Picha zake mwenyewe, zinazotundikwa sasa katika parokia nyingi za mashariki, zinafuata foto aliyopigwa akiwa muzima.